Utando wa seli za kitunguu hauonekani: tatizo ni hadubini?

mwl_baiolojia
Habari wadau. Kidato cha kwanza wametazama ngozi ya kitunguu maji iliyotiwa iodini, lenzi ya jicho x10 na ya chini x40. Ukuta wa seli na kiini vinaonekana vizuri, ila utando wa seli (ngozi nyembamba iliyo ndani ya ukuta) haupo na kloroplasti (chembe za kijani zinazotengeneza chakula kwa mwanga) hakuna hata moja. Mchoro wa kitabuni una vyote. Kuna namna ya kuuonyesha utando? Halafu wengi wanachora viduara vyeusi na kuviita vakuoli (mfuko wa maji ndani ya seli).

kitunguu_chekundu
Hadubini yako ni nzima, mwalimu. Utando una unene wa nanomita 7 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), na hadubini ya mwanga haitofautishi vitu vilivyoachana chini ya nanomita 200. Isitoshe, seli ikishiba maji, vakuoli huusukuma utando ukagandamana na ukuta.

Utenganishe kwa chumvi. Chukua kitunguu chekundu, bandua ngozi ya nje ya gamba yenye zambarau (rangi hiyo imo ndani ya vakuoli), iweke kwenye tone la maji, funika. Koroga gramu 5 za chumvi katika mililita 100 za maji. Dondosha tone ukingoni mwa kioo cha kufunikia, na upande wa pili nyonya maji kwa karatasi laini. Baada ya dakika chache ile zambarau itajikunyata na kuachana na ukuta. Ukingo wake ndipo utando ulipo. Rudisha maji safi, itajaa tena.

Usitie iodini kwenye slaidi hiyo. Iodini inaua seli, na utando uliokufa hauchagui tena kipi kipite, kwa hiyo chumvi itaingia tu na hutaona kitu.

jani_bichi
Kloroplasti hutazipata kwa sababu gamba la kitunguu hukaa gizani likihifadhi chakula. Halina kazi ya kutengeneza chakula kwa mwanga. Tumia jani la mmea wa majini, jembamba lenye tabaka mbili tu za seli, bila kulitia rangi yoyote.

Viduara vyeusi ni hewa. Kiputo ni mviringo kamili wenye ukingo mnene mweusi. Shusha kioo kwa mshazari wa nyuzi 45, upande mmoja uguse maji kwanza. Vakuoli yenyewe ni ile nafasi kubwa inayojaza karibu seli nzima, ndiyo maana kiini kimebanwa pembeni.

mwl_baiolojia
Asanteni sana. Na upande wa wanyama?

kitunguu_chekundu
Seli za ndani ya shavu, zilizotiwa rangi ya methilini bluu. Kila mwanafunzi na kijiti chake cha pamba, kikitumika kiingie kwenye dawa ya kuua vijidudu. Anza na lenzi ya chini ya x10. Ukirukia x40 utazipita, ni chache na zimetawanyika. Umbo lake halina mpangilio kwa kuwa hakuna ukuta wa kulishikilia. Kwa sababu hiyo hiyo chembe nyekundu ya damu ikitiwa maji matupu hupasuka, ya kitunguu hukakamaa tu.

jani_bichi
Niongeze kosa linalorudi kila mtihani: "wanyama wana mitokondria, mimea ina kloroplasti." Mimea ina zote mbili. Kloroplasti hutengeneza sukari. Kuivunja ipatikane nishati bado ni kazi ya mitokondria, usiku na mchana, hata kwenye mzizi.