Tupeane uzoefu: zamani hela ya nyumbani ilikuwa inaishia wapi, na sasa inaishia wapi?

Wakuu, habari za wikendi. Walioshika bajeti ya familia huku Moshi na Arusha, ya miaka ya nyuma au ya sasa, mwageni mambo hapa. Msituletee mambo ya vitabuni.

Mzee wa Kibosho: Kwetu hela ilikuwa na msimu. Kahawa inapimwa chama cha msingi, unachukua malipo ya kwanza, kisha unasubiri ya pili, na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, wakiuza vizuri, ya tatu. Ya kwanza ilimezwa na ada na madeni ya dukani. Mabati yalisubiri ya pili. Chakula hatukukipigia hesabu. Ndizi, maharage na maziwa vilitoka kihambani, shamba la nyumbani. Dukani tulifuata chumvi, sukari, mafuta ya taa, sabuni. Leo wanangu wananunua ndizi sokoni Mbuyuni, Wachagga wazima!

Mama Ngarenaro: Shikamoo mzee. Miaka ya themanini mwanzoni, baada ya vita vya Kagera, sisi wa mjini hela tulikuwa nayo, bidhaa ndiyo hakuna. Unapanga foleni kabla hujajua kinachouzwa ni nini. Mche wa sabuni mama aliukata kwa uzi, vipande vyembamba, kimoja kwa wiki, vingine anafungia sandukuni pamoja na sukari. Mpaka wa Kenya ulifungwa 1977 hadi 1983, lakini Kimbo, mafuta ya kupikia ya Kenya, ilikuwa inafika tu, msiniulize kwa njia gani. Mitumba iliporudi tukaona kama Krismasi.

Binti wa Marangu: Wazee wangu, shikamooni, ila mnapamba. Hela ya kahawa ilikuwa ya baba. Kwetu malipo ya pili yaliishia kwenye pombe ya mbege, na sare zangu za shule zilitoka kwenye mikungu ya ndizi aliyobeba mama kichwani hadi sokoni. Hiyo haikuitwa bajeti, iliitwa "vihela vya mama".

Mzee wa Kibosho: Marahaba. Hapo sina la kubisha.

Kijana wa Sakina: Mimi mshahara unaingia asubuhi, jioni nasoma meseji za makato. Umeme wa Luku, bando, king'amuzi, mtungi wa gesi, basi la shule. Serikali ilifuta ada mpaka kidato cha nne tangu 2016, sisi tukakimbilia inglishi midiamu kulipa kwa hiari yetu! Halafu kadi za michango ya harusi. Mwezi uliopita nilichangia watu ambao hata sura siwajui. Kinachoniuma ni vile vya elfu elfu kwenye simu. Bati ukinunua unaliona juu ya nyumba, bando likiisha unaona nini?

Binti wa Marangu: Ndiyo maana mimi niko kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa. Tunagawana Desemba, kabla watu hawajapanda kihambani kula Krismasi. Mume wangu anajua siku ya kugawana, kiasi hakijui.

Mama Ngarenaro: 😂 Mfundishe na mkwe wangu. Kijana wa Sakina, kodi ya nyumba huko mnalipa miezi mitatu au bado wanataka sita?