Simu inakonekti kwenye ESP32 ila sabufa kimya, msaada wakuu

sabufa_mbovu: Wakuu habari za jioni. Nina sabufa ya zamani ina RCA tu (zile tundu za waya wa sauti), nikaona niipachike bluetooth mwenyewe, nikachukua ESP32 (kabodi kadogo ka kuprogramu kenye bluetooth) na kale kabodi ka zambarau ka PCM5102A, ndio DAC, kanageuza sauti ya digitali iingie kwenye sabufa. Waya za sauti ya digitali: BCK (kloki ya biti) nimepeleka pini 26, LCK (kloki ya kushoto/kulia) 25, DIN (data) 22, za umeme: VIN 5V, GND kwa GND. Simu inakonekti fresh, wimbo unahesabu sekunde kabisa, lakini kimya, hata ule mchakacho hakuna. Waya nimebadili mara tatu. DAC imekufa au?

kibatari: ESP32 ipi? Kama ni S3 au C3 umeumia, hizo zina BLE tu (bluetooth ya umeme mdogo), A2DP ile ya kurusha muziki hazina

fundi_wa_uani: @kibatari ingekuwa S3 simu isingecheza wimbo kabisa, soma vizuri mkuu.
Mleta mada geuza hako kabodi, nyuma kuna sehemu nne za kupiga solda, H1L mpaka H4L, kila moja kati yake unaiunganisha na H (juu, 3.3V) au L (graundi). Namba 3 ndio XSMT, kazi yake kunyamazisha sauti ikiwa L, na bodi nyingi zinakuja haijapigwa solda popote. Unganisha kati na H. 1, 2 na 4 ziende L. Halafu mbele pale kwenye SCK (pini ya kloki kuu) piga tone la solda iguse graundi, maana wewe umetuma waya tatu tu za I2S (hizo BCK, LCK na DIN za sauti ya digitali), SCK ikiwa graundi chipu inajitengenezea kloki yake kutoka BCK, ikining'inia hewani inakuwa vituko

mama_kapasita: Afadhali yako, mimi kwenye moduli nyingine ya bluetooth niliacha sauti kwenye mpangilio wa PCM wa kupigia simu, sampuli 8,000 tu kwa sekunde (8 kHz), taarabu ikatoka kama mtu anaongea ndani ya ndoo 😂

sabufa_mbovu: Nimepima XSMT mita inasoma volti 0.2, nimepiga solda sasa 3.3 na IMEIMBAAA. Asante sana fundi. Ila nikiweka chaja ya ukutani kuna mlio kama nzi, nikiweka pawabenki unapotea

fundi_wa_uani: Hiyo sio I2S tena, ni chaja na sabufa zinagongana kwenye graundi. Jaribu chaja nyingine, na hizo waya za jampa fupisha, BCK hapo ni sampuli 44,100 mara biti 16 mara chaneli 2, zaidi ya mapigo milioni 1.4 kwa sekunde, waya mrefu hautaki

sabufa_mbovu: Zangu kama sentimita 30 hivi 🙈 nazikata kesho