"Allocate resources": inafuata "to" au "for"?

Mwandika Ripoti: Wakuu, bosi kanirudishia ripoti, kazungushia wino mwekundu nilipoandika "allocate resources for the team". Anataka "to". Mbona naona watu kibao wanaandika "for"? Nani yuko sahihi?

Kalamu Moja: Bosi wako. "To" inamfuata anayepokea: timu, idara, mtu. "For" inafuata kusudi: mafunzo, matengenezo. Timu inapokea. Ila ukiandika "to training" pia hakuna atakayeshtuka, kwa hiyo wino mwekundu ni mbwembwe tu.

Bila Jina: Ndiyo shida ya kuhangaikia lugha za watu. Kiswahili tunasema kutenga, basi. Hakuna "to" wala "for".

Mzee wa Vitenzi: Taratibu, kijana. "Mradi umetengwa" ni mradi uliosuswa! Pesa hutengwa, mradi hutengewa. Hiyo -e- ndiyo "to" na "for" yako, zote mbili kwa mpigo. Ndiyo maana tukivuka kwenda Kiingereza tunababaika: huku kazi moja, kule kazi mbili.

Bila Jina: Mimi nimesema kutenga. Mradi umetengwa nimesema wapi? Unanilisha maneno, mzee.

Mzee wa Vitenzi: Umepakua mwenyewe, mimi nimeshika kijiko tu.

Pita Njia: Si aandike "earmark" yaishe?

Kalamu Moja: Hiyo ilikuwa alama ya kwenye sikio la mfugo, kujua ni wa nani. Kwa pesa sawa. Ukisema watu wawili wako "earmarked", wataanza kushika masikio.

Dada Sarufi: Mnapigania kutenga, mimi "rasilimali" ndiyo inanikera. Kwa Kiarabu ni kichwa cha mali, yaani mtaji. Leo hadi viti vya ofisini ni rasilimali!

Kalamu Moja: Maneno huhama, dada. Hata "resource" lilitoka Kifaransa, kwenye kitenzi cha kuinuka tena. Tukidai kila neno lirudi kwao tutabaki bubu.

Dada Sarufi: Bubu ni anayeita kiti mtaji.

Bila Jina: Na bado sijaombwa radhi.

Mwandika Ripoti: Jamani, ripoti ilitakiwa saa kumi. Nimeandika "give the team two people". Imepita. Sasa bosi anauliza "allocate" imekwenda wapi.