Msisingizie Korona. Vilabu na migahawa yetu iliuliwa na kodi ya pango

Wadau, nimevumilia nimeshindwa. Acha leo niseme.

Kila ukifika mwezi wa tatu watu wanaanza kurusha picha za zamani. Jukwaa lile, kaunta ile, wanamuziki wamelowa jasho. Chini wanaandika "Korona ilitunyang'anya". Hapana bwana! Kirusi hakijawahi kumwandikia mtu barua ya kudai pango la miezi minane. Aliyeandika ni binadamu, tena akaweka na riba.

Ile karatasi mnaikumbuka? Ya A4, imebandikwa mlangoni kwa selotepu pembe zote nne: "Tumefunga kwa muda. Tutaonana karibuni." Mwanzoni wino ulikuwa mweusi. Jua likaupiga mpaka ukawa rangi ya chai. Ukichungulia kioo, viti viko juu ya meza, miguu juu, na kalenda ukutani bado ni Machi. Lile lilikuwa tangazo la msiba, ila hakuna aliyelisoma hivyo kwa sababu lilisema "kwa muda". Hatukuweka matanga, hatukuaga mtu. Siku moja tukakuta kufuli jipya, basi.

Sasa tufanye hesabu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga la dunia Machi 11, 2020, na ndani ya siku chache miji mingi ikafungwa. Amri ilikuwa funga mlango. Sawa, wakafunga, na mimi siwalaumu waliofunga, watu walikuwa wanakufa. Lakini nani alitoa amri kwamba na pango lisimame? Mauzo sifuri, pango palepale, leseni palepale, mkopo wa zile spika palepale. Halafu anatokea mjuaji anasema "wangejiwekea akiba". Huyo hajawahi kuendesha mgahawa hata wiki moja. Mauzo ya leo ndiyo yanalipa mzigo uliochukuliwa juzi. Wengine walijaribu kuuza kwa programu za kuletewa chakula, zikawakata hadi asilimia 30. Mtu anazama, wewe unamkodisha boya!

Uingereza walizuia wenye majengo kuwafukuza wapangaji wa biashara kuanzia Machi 2020 hadi Machi 2022. Watu wakashangilia. Ila soma vizuri: walizuia kufukuza, hawakufuta deni. Deni likaachwa linaota humohumo ndani kama ukungu. Na bima, msinitajie bima. Watu walilipia miaka kinga ya kusimama kwa biashara, biashara iliposimama wakaambiwa janga la namna hii halimo kwenye mkataba. Kesi ilikwenda mpaka Mahakama ya Juu ya Uingereza, na hukumu iliyowapa ushindi wateja wengi ikatoka Januari 15, 2021. Karibu miezi kumi tangu milango ifungwe! Mwenye baa miezi yote hiyo ale nini, kurasa za mkataba?

Marekani ndiko kulikonichefua zaidi. Fungu la kwanza la mikopo ya kulinda mishahara ya biashara ndogo, dola bilioni 349, lilifunguliwa Aprili 3, 2020. Aprili 16 limekauka. Waliowahi kuchota ni pamoja na Shake Shack, kampuni kubwa ya migahawa ya baga, dola milioni 10, na Lakers, milioni 4.6. Ndiyo, Lakers wale wa mpira wa kikapu. Walirudisha baada ya kelele, nawapa haki yao. Lakini yule mwenye kijiklabu, asiye na mhasibu wala meneja wa benki anayemfahamu, alikuwa ameshaambiwa fungu limekwisha.

Kumbi za muziki za hukohuko Marekani ndiyo usiseme. Sheria ya kuzisaidia ilisainiwa mwishoni mwa Desemba 2020. Mtandao wa kupokea maombi ukafunguliwa Aprili 8, 2021 na ukaanguka siku hiyohiyo. Zaidi ya mwaka mzima tangu taa zizimwe, na mtandao unaanguka! Wakati huo klabu ya Great Scott ya Boston, iliyokuwepo tangu 1976, ilishatangaza kwaheri Mei 2020. Jazz Standard ya New York ilitangaza mwanzoni mwa Desemba, wiki chache tu kabla ya ile saini, na sababu waliitaja wenyewe: hakuna mapato, na mazungumzo ya pango yamekwama. Pango, jamani. Sikulitunga mimi.

Migahawa ya huko nayo ikatengewa dola bilioni 28.6. Waombaji zaidi ya 278,000, waliopata kama 100,000. Waliobaki wakaambiwa pole.

Kinachoniuma ni kwamba tulifunga kwa ajili ya wote, bili wakapelekewa wachache. Na mwenye klabu hakuzama peke yake. Kazama fundi mitambo aliyejua ni waya upi unakoroma ukiugusa. Kazama muosha vyombo. Kimezama kikundi cha vijana kilichopiga Jumanne mbele ya watu kumi na mmoja, wanne kati yao mama zao, wakakosea nyimbo mbili na hakuna aliyewazomea. Uwanja wa watu elfu ishirini haukupi nafasi ya kukosea. Kale kachumba kenye harufu ya bia iliyomwagika kalikupa.

Ile karatasi siku hizi haipo. Zimebaki pembe nne za selotepu iliyogeuka njano, na juu yake bango: PANAPANGISHWA, na namba ya simu. Nyie mnaolia na picha za zamani, pigeni hiyo namba muulize kama wamepunguza.