Mjadala: Sanamu moja ya Tabora iwe ya mtemi, au ya mpagazi asiye na jina?

Mwalimu wa Ng'ambo:
Mwangaluka, ndugu zangu wa Tabora na mlioko mbali. Nina swali linalonisumbua tangu mwaka 2025, nilipoona picha za sanamu ya shaba nyeusi iliyowekwa kwa majuma machache katika uwanja wa Times Square, New York. Ni mwanamke mweusi wa kimo cha karibu meta 3.6, amesuka nywele, ameshika kiuno, amevaa nguo za kila siku, na anatazama mbele kama mtu asiye na haraka wala hofu. Aliyemuumba ni Thomas J Price, mchongaji aliyezaliwa London mwaka 1981, na jambo lililozua maneno mengi huko Marekani ni kwamba mwanamke yule si malkia, si mpigania haki, wala hajapata kuishi. Price hukusanya nyuso, mikao na miili ya watu anaowaona, au wanaokubali umbo lao linakiliwe kwa kompyuta, akawachanganya mpaka akapatikana mtu ambaye hakuna awezaye kumwita jina. Kwa sanamu zake mbili za Hackney, London, zilizozinduliwa mwaka 2022 kwa heshima ya watu wa Karibiani waliohamia Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, alinakili wakazi zaidi ya 30 wa hapo hapo.

Sasa, tuseme Tabora imepata nafasi ya kusimamisha sanamu moja tu, mahali ambapo kila ashukaye kwenye treni ataiona. Je, iwe ya mtemi, Mirambo au Isike, au iwe ya mpagazi wa Kinyamwezi, yaani mbeba mizigo wa misafara ya kwenda pwani, ambaye hakuna aliyeandika jina lake? Mimi naelekea kwa mpagazi, lakini nataka kuwasikia.

Mtoto wa Urambo:
Mwalimu, nakuheshimu, ila hapa umenishangaza. Mirambo alijenga dola kwa nguvu na akili zake, akawatoza ushuru wafanyabiashara wa pwani na kupigana nao walipokataa, na mpaka anafariki mwaka 1884 hakuna msafara uliokwenda magharibi bila kumfikiria. Isike naye, Wajerumani walipoivamia ngome yake mwaka 1893, aliiwasha baruti yake mwenyewe kuliko kujisalimisha. Watu hao wana majina, na majina hayo yanawatoka watoto wetu midomoni. Huyo mpagazi alifanya nini zaidi ya kubeba? Alikuwa mtumwa wa mizigo ya watu wengine, na sioni kwa nini mwanangu ashuke kwenye treni apokewe na mtumwa. Hata huyo mwanamke wa Price anafanana na mtu aliyetumwa mkaa. Sanamu ni heshima ya tendo, na asiye na tendo hastahili shaba.

Binti Kanyenye:
Kaka wa Urambo, lifute neno hilo kabla hatujaendelea. Katika ukoo wetu inasimuliwa kwamba babu wa babu yangu alikwenda Bagamoyo na kurudi mara nne, na hakuna aliyemfunga mnyororo. Wanyamwezi walikuwa wakiajiriwa kwa ujira wa makubaliano, uliolipwa kwa vitambaa vya merikani, shanga na nyaya, na posho ya njiani ilikuwa juu ya mwenye msafara. Posho ilipopunguzwa, waliweka mizigo chini na kukataa kuondoka, na tajiri mwenye bunduki akalazimika kuketi azungumze nao. Mtumwa hugoma? Tumelelewa tukisikia kwamba kijana alikuwa hahesabiwi kuwa mwanamume kamili, wala hapewi mke kwa urahisi, mpaka ameiona bahari akiwa na jino la tembo begani. Ulichokitukana ni ukoo wangu, na nadhani ni wako pia, maana sijui nyumba ya Urambo isiyo na mjukuu wa mpagazi.

Mtoto wa Urambo:
Dada, sikutukana ukoo wa mtu, na kama neno limekuumiza naliondoa kwa babu yako. Siliondoi kwa njia nzima. Usitake tuamini kwamba njia ile ilikuwa ya waajiriwa peke yao, kwa sababu Ujiji na Bagamoyo zinajua ni watu wangapi waliopita wakiwa na kongwa shingoni, na wengine wao walitwishwa pembe hizo hizo unazozisifu. Ukimsimamisha mpagazi aliyejaa fahari, umemfunika aliyetembea nyuma yake katika msafara ule ule.

Abuu Gongoni:
Ndugu zangu, mimi nitasema machache kwa sababu najua wengi hamtapenda. Tabora ina misikiti mingi na watu ambao dini yao haikubali umbo la binadamu lisimamishwe, awe mtemi au hamali. Chimbeni kisima, pandeni miembe kando ya barabara ya Kwihara kama ile iliyowapa wasafiri kivuli, halafu wekeni kibao cha maandishi. Mpagazi mwenyewe angechagua kivuli kuliko shaba.

Binti Kanyenye:
Abuu, imani yako naiheshimu na miembe naikubali kwa mikono miwili. Lakini mwembe hautamwambia mwanangu kwamba babu yake hakuwa mtumwa, na hilo ndilo tunalobishania hapa.

Mzee wa Cheyo:
Wanangu, hilo silo tulilobishania mwanzoni, ila kwa kuwa mmeshafika huko, nami niseme. Kazi ile ilikufa reli ilipofika Tabora, mwaka 1912, na miaka miwili baadaye ikafika Kigoma. Halafu Vita Kuu ya Kwanza ikaja na watu wetu wakabebeshwa tena, safari hii bila hiari, risasi na unga wa majeshi mawili ya wageni. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina kwa hao, yaani kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps. Na ninavyokumbuka, ni Wajerumani waliowawekea ile sanamu ya Askari pale mjini, kwa hiyo msidhani Price ndiye wa kwanza kumpa shaba mtu asiye na jina.

Mwalimu wa Ng'ambo:
Mzee wangu, kwa heshima zote naomba nisahihishe kidogo. Wajerumani waliweka sanamu ya gavana wao wa zamani Wissmann kabla ya vita hiyo, na chini yake wakamweka askari mweusi akimtazama bwana wake aliye juu. Waingereza waliing'oa walipoutwaa mji, na Askari wa leo ni wao waliomsimamisha mwaka 1927, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Mchongaji huyo huyo alitengeneza ukumbusho wa Nairobi wenye watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Kwa hiyo umesema kweli katika lililo kubwa: mpagazi asiye na jina alikwisha kupata shaba karibu miaka 100 iliyopita, isipokuwa ni Nairobi aliyoipata, si hapa alikotoka.

Mtoto wa Urambo:
Basi mmejimaliza wenyewe! Mkoloni ndiye aliyetufundisha kumchonga Mwafrika bila jina, kwa sababu majina yetu hayakumhusu. Maafisa wake waliandikwa mmoja mmoja kwenye makaburi na vibao, na watu wetu wakafanywa kuwa umbo moja lililobeba bunduki au mzigo kwa niaba ya wote. Leo anakuja mchongaji kutoka London, anatengeneza mweusi mwingine asiye na jina, nasi tunapiga makofi. Hata Livingstone alipofariki mwaka 1873, maiti yake ilibebwa hadi pwani, ikipitia hapa hapa Unyanyembe, na umati wa watu. Tunawataja watumishi wake Chuma na Susi, tena kwa shida. Wengine wako wapi? Kukosa jina ndilo jeraha lenyewe, nanyi mnataka kulipaka rangi ya sanaa.

Fundi wa Isevya:
Nimesoma tangu asubuhi nikiwa na tezo mkononi, na neno hili la mwisho limenifanya niiweke chini, kwa sababu ni la kweli nusu na nusu yake imepotoka. Mimi nachonga mninga na mpingo ukipatikana, na nazungumza kama mtu anayejua uso hutoka wapi.

Askari wa mwaka 1927 hana jina kwa sababu waliomsimamisha hawakutaka kujua jina lake. Watu wa Price hawana jina kwa sababu nyingine. Tazameni anavyowaweka: yule wa Stratford, London, wa mwaka 2020, ni mwanamke anayesoma simu yake, na wa Rotterdam, aliyewekwa mbele ya kituo kikuu cha treni mwaka 2023, ni msichana aliyeingiza mikono mifukoni. Hakuna anayemtumikia mtu, hakuna anayebeba bendera ya mtu, na hakuna anayetazama juu kumtafuta bwana. Askari wa Wissmann aliwekwa chini ili mkubwa aonekane mkubwa. Hawa wamefanywa wakubwa bila kumkanyaga yeyote. Mkao wa yule wa New York una mguu uliolegea kidogo na uzito kwenye mguu wa pili, na Price ameeleza kwamba aliuazima kutoka kwa sanamu ya Daudi ya Michelangelo. Mtu wa fani huliona mara moja, kwamba mkao uliopewa mfalme amepewa mwanamke ambaye ndugu yetu wa Urambo anasema katumwa mkaa. Nami namuuliza, akiwa katumwa mkaa, mkao huo umempunguzia nini Daudi?

Jambo la pili ni la kufanana. Mnakumbuka Februari 2024, ilipozinduliwa sanamu ya Mwalimu Nyerere huko Addis Ababa, kwenye makao makuu ya Umoja wa Afrika, na nusu ya nchi ikasema huyu siye. Waliomfahamu walitafuta paji la uso na mdomo wake, wakavikosa, na heshima yote ya siku ile ikageuka ubishi wa sura. Hayo yalitokea kwa mtu ambaye picha zake zimejaa kila ofisi. Kwa Isike tutafanyaje? Nani kati yenu ataniambia pua yake ilikuwaje? Nitabuni uso, nitaubandika jina lake, na watoto watamsalimu mtu niliyemtunga mimi kwa kuamini kuwa ni mtemi. Mpagazi hana uwongo huo. Nitaita vijana na wazee 30 wa Isevya, Ipuli na Kanyenye, nitachukua shavu la huyu na shingo la yule, na atakayesimama hapo atakuwa mtu wetu kweli, kwa sababu mifupa yake inatembea mjini.

Na shaba yenyewe, kwa njia ya zamani, husubiwa kwa nta: unaumba kwa nta, unaifunika kwa udongo, unachoma nta itoke, halafu unamimina shaba katika nafasi iliyobaki. Mkoa wa asali kama huu hauwezi kusema hauna pa kuanzia.

Mtoto wa Urambo:
Fundi, hilo la Isike limenigusa, na silikatai. Lakini Mirambo bado namdai, na kongwa bado nalidai. Ukichonga, mwonyeshe na aliyefungwa.

Binti Kanyenye:
Na mimi nadai mwanamke. Misafara ya Wanyamwezi haikuwa ya wanaume peke yao. Wake walikwenda na waume zao, wakiwa na vyungu na mikeka kichwani na watoto mgongoni, na jioni wao ndio waliowasha moto wakati wanaume wanajenga kambi. Tumebishana siku nzima kama mpagazi alikuwa huru au mtumwa, na hakuna hata mmoja wenu, Mwalimu ukiwemo, aliyefikiri kwamba mpagazi anaweza kuwa mama. Swali liliingia hapa kwa mwanamke aliyeshika kiuno, nasi tumemsahau njiani.

Mwalimu wa Ng'ambo:
Nakubali kosa, binti yangu. Niliandika "mpagazi" na kichwani mwangu alisimama mwanamume.

Fundi wa Isevya:
Dada, nimepokea. Nina gogo la mninga la kimo cha mtu, na nimeshalitoa gamba. Nitaanza na wawili, mwanamume na mwanamke, kwa mti kabla ya kuota shaba. Ninachokosa ni kitu kidogo ambacho ndicho kila kitu kwa mchongaji. Wanyamwezi walibeba begani zaidi kuliko kichwani, hilo najua, lakini bega lililobeba jino la tembo kwa miezi mitatu linakuwaje? Linashuka? Linavimba? Nikikosea hapo, nitakuwa nimechonga mtu aliyeshika gogo.

Mzee wa Cheyo:
Mwanangu Fundi, hilo nalijua. Baba wa mama yangu alienda pwani akiwa kijana, kabla ya reli, nami nilimkuta akiwa mzee sana anayeota jua mlangoni. Begani alikuwa na sugu kubwa kama kiganja, ngumu, nyeusi kuliko ngozi yake nyingine, na sisi watoto tulikuwa tukiigonga kwa vidole kusikia mlio wake naye akicheka. Bega lenyewe lilikuwa halikushuka, bali shingo ndiyo iliyokuwa imeinama upande wa pili, hata akiwa amelala. Njoo Cheyo kesho baada ya alasiri na udongo wako wa kufinyangia, nikuoneshe kwa mkono mahali ilipoanzia na ilipoishia.