Re: Nimeandikwa "ev", mshahara unakatwa

MtuWaMvumi
Mbukwenyi wapendwa. Slipu ya mshahara ya mwezi huu hapa Ujerumani imenishtua: kuna "ev", yaani Mprotestanti wa kanisa la hapa, na kodi ya kanisa imekatwa. Siku ya Anmeldung, kujiandikisha makazi, karani aliniuliza dini, nikasema Mkristo, Mwanglikana. Naye akaandika anachokijua. Nimerudi, naambiwa kama sitaki kukatwa nifanye Austritt, kujitoa rasmi. Yaani nitie saini kwamba natoka kanisani? Mimi nimebatizwa DCT, dayosisi yetu ya Kianglikana Dodoma, kipaimara nimepata Mvumi! Kuna aliyewahi kurekebishiwa bila kutoka?

Dada wa Kikuyu
Pole kaka. Niko jimbo la Bayern, huku ni asilimia 8, majimbo mengi ni 9. Hiyo ni asilimia ya kodi ya mapato, siyo ya mshahara, watu wanachanganya sana. Mume wangu Mkatoliki alitoka. Maaskofu wa hapa walishatoa tamko mwaka 2012, anayetoka hapokei sakramenti. Alipotaka kumsimamia mpwa wetu ubatizo, paroko akakataa katakata. Shauri yako.

Mwalimu wa Kongwa
Mnamtisha kijana bure. Waefeso 1:4, tulichaguliwa kabla ya kuwekwa misingi ya ulimwengu, na wakati huo Standesamt, ofisi ya kusajili kujitoa, haikuwapo. Aliyechaguliwa hafutwi kwa muhuri. Na wewe ni mtoto wa DCT, dayosisi ya tangu 1927, askofu wa kwanza Chambers, Mwaustralia wa CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana. Kasome zile ibara 39 za Kianglikana, ya 17 inahusu hayo hayo.

Ipagala
Mwalimu, huo ni Ukalvini, kwamba Mungu alishachagua watakaookoka. Sisi TAG, Wapentekoste, tunasoma 1 Timotheo 2:4, Mungu hutaka watu wote waokolewe. Wote ni wote. Kama orodha ilishafungwa, ile mikutano ya injili tulikuwa tunabeba jenereta na spika za nini? Na Waebrania 6 inawataja waliokionja kipawa cha mbinguni wakaanguka. Mtu anatoka kwa miguu yake mwenyewe.

Mwalimu wa Kongwa
Usiutaje Ukalvini kama tusi. Na hoja hizo siyo za TAG. Ni za Arminius, mwanatheolojia Mholanzi; alifariki 1609, wafuasi wake wakaziandika 1610, sinodi ya Dordrecht ya 1618–1619 ikazikataa. Kuhusu spika: mahubiri ndiyo njia ya kuwaita wateule. Whitefield, mhubiri Mwingereza, aliamini uteule, na alihubiri viwanjani mpaka Marekani.

Binti KKKT
Mnaongea kama Wakristo ni ninyi wawili tu. Walutheri tulishaandika 1577: kuna kuchaguliwa kwa wokovu, hakuna kuchaguliwa kwa kupotea. Aliyeokoka amshukuru Mungu, aliyepotea ajilaumu. Ukiuliza inawezekanaje, mchungaji anabadilisha mada, nami simlaumu.
Halafu hiyo kodi ndiyo inalipa wachungaji na chekechea. Nyumbani si tulitoa pia?

Dada wa Kikuyu
Tulitoa kwa hiari, mpenzi! Sikukuu ya mavuno, debe la mtama, mbuzi, kuku, halafu mnada nje ya kanisa. Kuku mmoja ananunuliwa, anarudishwa, anauzwa tena mara nne, mama wachungaji wanapiga vigelegele. Jamani ugali wa uwele na mlenda. Huku ninalipa na hakuna anayenisalimia mlangoni.

Ipagala
Mnada wa siku hizi ni wa viwanja. Tangu serikali ihamie Dodoma, kijana wa Kigogo kununua kiwanja mjini kwao ni ndoto.

Binti KKKT
Usilete siasa. Baba yako si aliuza kiwanja cha Ipagala mwenyewe?

MtuWaMvumi
Nimempigia mama kumweleza. Kodi hakuijali kabisa. Kaniuliza tu, "Lakini umeokoka?" Yeye ni wa uamsho, kwake ama umeokoka ama bado. Nikasema ndiyo, akasema basi waache wachukue hela zao.

Mwalimu wa Kongwa
Mama ana theolojia kuliko sisi wote.

Ipagala
Mama kauliza *umeokoka*, hakuuliza *umechaguliwa*. Zingatia. Na nijibu hili: Esau alikosa nini kabla ya kuzaliwa?

Mwalimu wa Kongwa
Hiyo ni Warumi 9:11, Yakobo kuchaguliwa kabla hawajazaliwa; ni aya yangu mimi, ndugu yangu, umeniletea mwenyewe. Naingia zamu ya usiku, asubuhi nakuandikia.

Ipagala
Andika na sura ya 11, mstari wa 32, Mungu awarehemu wote. Usiishie njiani.