Kompyuta moja, kila programu inataja namba zake, hii tabia ikome

Wakuu habari zenu, leo nimekuja na hasira na sitaficha. Laptopu ni moja, ipo hapa mezani, haijafunguliwa wala kubadilishwa kitu, halafu angalieni huu mchezo: Windows inasema RAM ni GB 8 ila zinazotumika ni 5.9, Task Manager inasema spidi ya RAM ni 3200, CPU-Z (programu ndogo ya kusoma vifaa vya ndani) inasema 1600, diski iliyouzwa kama GB 500 inasoma 465, prosesa kwenye ukurasa wa System imeandikwa 2.10 GHz ila kwenye Task Manager mara 1.4 mara 3.9, na nikiwasha Linux (mfumo mwingine badala ya Windows) napewa orodha ya prosesa 12 wakati boksi liliandikwa 6. Mtu aamini ipi hapo? Huduma kwa wateja ya walioitengeneza wakanijibu "hiyo ni kawaida, usijali". Kawaida ndo nini? GB 35 zikikosekana kwenye kitu nilichokilipia mimi nataka maelezo, sitaki kubembelezwa.

Basi nikaanza kuchimba mwenyewe, na kadiri nilivyochimba ndivyo nilivyozidi kukasirika, kwa sababu karibu kila namba kati ya hizo ina maelezo yake ya kweli kabisa, ila hakuna programu hata moja iliyojisumbua kuniandikia pale kwenye skrini.

Chukua diski. Mtengenezaji akisema GB 500 anamaanisha baiti 500,000,000,000, anahesabu kwa 1000. Windows inachukua baiti zilezile inagawanya kwa 1024 mara tatu, inapata 465.66, HALAFU INAANDIKA GB. Hapo ndipo damu inachemka. Kipimo kinachohesabiwa kwa 1024 kina jina lake, GiB, IEC (shirika la kimataifa la viwango vya umeme na elektroniki) walilitoa tangu 1998 ili tusichanganywe hivi, na Windows mpaka leo inaandika GB tu utadhani hakuna aliyewahi kuliona tatizo. Apple wao mwaka 2009 kwenye Snow Leopard walihamia kuhesabu kwa 1000, kwa hiyo diski ileile ukiichomeka kwenye Mac inasoma 500 na kwenye Windows inasoma 465 na baiti hazijapungua hata moja. Linux nako ukiandika df -h, amri ya kuonyesha nafasi ya diski, unapata ya 1024, ukiandika df -H ya 1000, herufi kubwa na ndogo tu. Na tofauti yenyewe inazidi kadiri diski inavyokuwa kubwa, kwenye kilobaiti ni asilimia 2.4, kwenye gigabaiti inafika 7.4, kwenye terabaiti karibu 10, ndo maana TB 1 inasoma 931 na watu wanadhani wameibiwa. Marekani watu walienda hadi mahakamani kwa hili, Western Digital wakamalizana nao 2006, Seagate 2007. Sasa kitu kimefika mahakamani na bado skrini haijarekebishwa?

RAM ndo balaa zaidi maana hapo kuna maswali mawili ndani ya moja. Hizo GB 8 ni chipu zilizopo kweli, hazijapotea. Ila kama kadi ya grafiki imo ndani ya prosesa haina RAM yake, inakata kipande cha RAM ya mashine, na BIOS (programu ya kwanza inayoamka ukiwasha mashine) inakitenga kabla hata Windows haijaamka, kwangu karibu GB 2 zimekwenda huko. Mwingine ana Windows ya biti 32, huyo hata aweke GB 8 hatapata zaidi ya 4, na kwa kawaida anaona tatu na kidogo. Dalili ni moja, sababu ni mbili tofauti kabisa, na Windows inaandika neno "usable" tu basi, haisemi nani kachukua.

Spidi sasa. RAM za DDR zinapeleka data mara mbili kwa kila pigo la saa, kwa hiyo saa ikipiga 1600 data inapita 3200. CPU-Z inaonyesha saa, Task Manager inaonyesha data, na kwa miaka yote wote wawili wameandika MHz!! Matoleo mapya ya Windows 11 angalau yameanza kuandika MT/s (data inapita mara milioni ngapi kwa sekunde), asante, mmechelewa. Na kuna namba ya tatu, ukinunua RAM ya 3600 ukaichomeka kwenye kompyuta ya mezani inaweza kukimbia 2133 au 2400 mpaka uingie BIOS uwashe XMP (mpangilio unaoiruhusu RAM kukimbia spidi iliyouziwa), hapo ndo kuna tatizo la kweli la kurekebisha, ila mtu atalijuaje wakati ameshazoeshwa kwamba namba zikigongana "ni kawaida"? Hilo ndo linaniuma kuliko yote. Mnamzoesha mtu kupuuza, siku namba inayomwonya ikija ataipuuza pia.

Prosesa nitapita haraka. Ile 2.10 ni spidi ya msingi iliyotangazwa na kiwandani, haipimwi dakika ile. Task Manager inapima inavyokimbia sasa hivi, ikiwa haina kazi inashuka, ikibanwa inapanda mpaka turbo, yaani spidi ya juu ya muda. Na zile 12 ni thredi (mistari ya kazi), kore (injini halisi ndani ya prosesa) ni 6, kila kore inabeba thredi mbili. Hakuna uongo hapo.

Ila uongo upo, na wanaoutumia ni wauzaji wa mitumba wasio waaminifu. Jina la prosesa mnaloliona kwenye System linasomwa toka rejista ya Windows, ni maandishi, na maandishi yanabadilishwa. Picha ya ukurasa huo haithibitishi chochote, mwambie muuzaji afungue CPU-Z mbele yako inayouliza prosesa yenyewe, au muingie BIOS pamoja. Kadi za grafiki ndo usiseme, zipo zilizochomwa BIOS feki zikajiita kadi kubwa, GPU-Z (kama CPU-Z ila ya kadi za grafiki) ikizigundua inaziandikia FAKE kwenye jina. Na hata kadi halali inachanganya, kuna sehemu ya Windows inayotunza kiasi cha memori ya kadi kwa biti 32, kwa hiyo programu zinazosoma hapo zinagota kwenye GB 4 hata kadi iwe na 8, wakati dxdiag (kifaa cha uchunguzi kilichomo ndani ya Windows) kwenye mstari wa jumla inajumlisha memori ya kadi na RAM ya kuazima inakuletea namba kubwa kuliko kadi yenyewe. Mmoja anapunguza mwingine anaongeza, na wote wameandika "memory".

Fleshi feki ni mbaya zaidi maana pale programu zote ZINAKUBALIANA. Chipu ya ndani imefundishwa kujibu "mimi ni GB 512", Windows inaamini, Linux inaamini, unaanza kuweka picha za familia, zikipita uwezo wake halisi mafaili yanaharibika kimyakimya. Pale dawa ni kuijaza yote na kusoma tena, H2testw kwa Windows au F3 kwa Linux, inachukua muda ila fanyeni kabla hamjaweka kitu cha maana.

Ninachodai hakihitaji teknolojia mpya. Mwandike pembeni ya namba imesomwa wapi na kwa kipimo gani: "imetangazwa na BIOS", "imepimwa sasa hivi", "GiB". Kama kuna nafasi ya kuweka matangazo kwenye menyu ya Start basi nafasi ya herufi i moja katikati ya G na B ipo.

Wenye namba zinazogongana leteni skrinshoti hapa, ila taja jina la programu na toleo lake, na kama ni RAM weka na picha ya stika iliyo kwenye chipu yenyewe, tukokotoe pamoja. Na mwenye DDR5 ambaye CPU-Z inamwandikia 4 x 32-bit wakati amechomeka stiki mbili tu, usikimbilie kurudisha mzigo, kila stiki ya DDR5 imegawanywa njia mbili za biti 32, hizo nne ndo hizo.